Jibu: Bunduki zilizofutwa kwenye E.T.

Ndugu, umeuliza kama kugeuza bunduki za askari kuwa redio za mawasiliano, katika toleo la 2002 la E.T. (filamu ya Steven Spielberg ya 1982 kuhusu watoto wanaomficha kiumbe kutoka anga za juu), kulipunguza utamu, maana hadithi ni ile ile. Kulipunguza, tena sana.

Itazame sehemu hiyo polepole. Watoto wanakanyaga baiskeli kwa nguvu zote, polisi wameziba barabara mbele, na kamera inatuonyesha bunduki mikononi mwa askari. Elliott, mvulana aliyembeba E.T., anafumba macho. Hapo ndipo baiskeli zinapaa kwa nguvu za E.T., nasi tunashusha pumzi, kwa sababu sekunde moja kabla tuliamini mtoto anaweza kupigwa risasi. Askari akishika redio, kinachowangoja ni kukamatwa tu. Spielberg mwenyewe baadaye aliyajutia mabadiliko hayo, na toleo la 2012 likarudisha bunduki.

Filamu ya Star Wars nayo iliharibiwa hivyo hivyo. Katika toleo la kwanza, la 1977, jambazi Jabba alikuwa jina tu, mdai ambaye rubani Han Solo anamkimbia, na kutoonekana kwake kulitisha. Toleo la 1997 likamleta mbele yetu, Han anamkanyaga mkia, basi hofu yote kwisha!

Hata kwenye vibanda vyetu vya video hapa Kampala, VJ (yule anayetafsiri na kusimulia filamu inapoonyeshwa) anayejua kazi hunyamaza mambo yakipamba moto. Hao wahariri hawakunyamaza.

Ukitaka kuwaonyesha watoto E.T., watafutie ya 1982 au ya 2012. Wataogopa kidogo, na waogope.