Unataka Kuandika Riwaya ya Tiba ya Akili? Mpe Mgonjwa Kalamu

Wiki iliyopita mswada wangu ulikubaliwa. Ni riwaya ya kisayansi kuhusu daktari wa magonjwa ya akili na mashine yake ya kufuta huzuni, riwaya ile ile ambayo mhariri mmoja aliwahi kunirudishia akitaka mambo mawili: daktari awe katili tangu ukurasa wa kwanza, na mgonjwa apone mwishoni. Nilikataa. Akasema basi, haitapata msomaji. Maneno yale yananiuma hadi leo, sitaficha. Ila barua ya mchapishaji mwingine ninayo mkononi, na kwa kuwa mmeniuliza nimewezaje, nami najua kila anayenisoma ana mswada wake uliolala mahali, nitasema.

Aliyenishika mkono ni Daniel Keyes. Hadithi yake "Flowers for Algernon" ilitoka mwaka 1959, na riwaya ikafuata mwaka 1966. Charlie Gordon, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, anafanyiwa upasuaji unaompa akili kuwazidi hata madaktari wake, kisha akili hiyo inaanza kumtoka. Hakuna msimulizi wa kutueleza hayo. Charlie anaandika ripoti zake mwenyewe: mwanzoni tahajia imevurugika, baadaye sentensi zinanyooka na kujaa elimu, halafu makosa yanaanza kurudi. Ukiliona kosa lile la kwanza likirejea, moyo unakupasuka. Horace Gold, mhariri wa jarida la Galaxy, alimtaka Keyes abadilishe mwisho, Charlie abaki na akili zake na amwoe mwalimu wake. Keyes akakataa, akaipeleka kwa jarida jingine. Nilipokuwa nimekata tamaa, habari hiyo niliisoma na kuirudia.

Kwa hiyo mpe mgonjwa kalamu. Ukimnyang'anya, utabaki na riwaya ya mashine, na mashine peke yake haimlizi mtu. Tazama alivyofanya Marge Piercy katika "Woman on the Edge of Time" ya mwaka 1976. Connie Ramos amefungiwa hospitali ya magonjwa ya akili New York, na huko anazungumza na Luciente, mtu wa mwaka 2137, wakati madaktari wanapanga kumpandikiza vifaa ubongoni. Kitabu kizima tumeishi ndani ya kichwa chake. Sura ya mwisho ni vipande vya faili lake la hospitali, basi. Unayasoma maneno makavu ya madaktari na humwoni Connie hata kidogo. Sijasoma mwisho wenye hasira kuliko huo, na hauna neno moja la kufoka.

Sasa daktari. Mhariri yule alitaka shetani, nami nasisitiza: mwandike mtu anayetaka kuponya. Dakta Haber katika "The Lathe of Heaven" ya Ursula K. Le Guin, mwaka 1971, ana mgonjwa, George Orr, ambaye ndoto zake hubadilisha dunia. Haber anamlaza na kumwamuru aote mambo mema. Ubaguzi wa rangi uishe? Watu wote wanageuka kijivu, na Heather, mwanamke wa rangi ya kahawia ambaye Orr anampenda, anatoweka, kwa kuwa katika dunia ya kijivu mtu kama yeye hakuzaliwa. Haber haoni hasara. Anaona maendeleo. Na daktari wa namna hii si wa kubuniwa tu: Egas Moniz, aliyeanzisha upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo ili kutuliza wagonjwa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Waliompa waliamini ni tiba.

Mimi nimekaa na kaka yangu kwenye mabenchi ya kliniki kwa miaka. Madaktari niliowaona walikuwa watu waliochoka, wengi wao wema. Lakini mmoja alizungumza nami juu ya kaka yangu dakika zote, huku kaka mwenyewe ameketi katikati yetu, anasikia. Hakumtazama. Riwaya yangu ilizaliwa pale, na ndiyo maana sikukubali kuigeuza kuwa kisa cha jitu na mateka.

Kuhusu mashine, semeni machache. Frederik Pohl katika "Gateway", mwaka 1977, anamweka mhusika wake, Robinette, mbele ya mtabibu wa nafsi ambaye ni programu ya kompyuta, na kinachotushikilia si kompyuta, ni jambo ambalo Robinette anakwepa kulitaja.

Kwa hiyo rudini kwenye miswada yenu. Chukueni tukio moja, mliandike kama daktari atakavyolijaza kwenye faili, kisha mliandike kwa mdomo wa mgonjwa, mkianza na yale ambayo faili limeyaacha. Msimponyeshe ili kumfurahisha mhariri. Mkiambiwa hamna msomaji, pelekeni kwingine, na mkirudishiwa tena, pelekeni kwingine tena.