Lile la Pretoria lilikuwa goli, ila...

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama VAR, waamuzi wanaosaidiwa na picha za video, imepunguza dhuluma kwenye soka la Afrika. Nilitaka kuandika "wapi!" nikalale. Lakini mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, na kila nikisikia hiyo VAR nauona uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria.

Aprili 5, 2024, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa Mkapa tulishatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns. Ilikuwa Ramadhani, tukafuturu, tukajazana kibanda umiza. Kipindi cha pili Aziz Ki wetu akaachia shuti, likagonga mwamba, likadunda chini, likarudi uwanjani. Tukarukaruka mpaka benchi letu likavunjika mguu. VAR wakaangalia. Hakuna goli.

Marudio yalipokuja, jirani yangu mmoja, Simba wa kutupwa, akainuka na kachori yake mkononi. Akaenda hadi kwenye televisheni, akaweka kidole cha mafuta kwenye kioo, akauvuta mstari wa goli mpaka pale mpira ulipodunda. "Hili limeingia," akasema, na wala hakuwa anatania. Mtani kukupa goli, tena bure! Mwenye kibanda akamfokea aache kushika kioo cha watu. Mara marudio mengine, kamera nyingine: ule mchirizi wa mafuta sasa uko kwenye nyasi tupu, hauhusiani na goli lolote. Akachora wa pili. Akachora wa tatu. Tulipofika kwenye matuta nilimwona Aziz Ki huyohuyo akikosa mkwaju wake nyuma ya michirizi ya kachori. Tukatolewa 3-2. Usiku huohuo Simba naye akalala 2-0 kwa Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo jirani hakupata hata nafasi ya kunicheka.

Tuliporwa.

Hapo nilisimama, nikanywa maji. Nimerudi, na ile michirizi inanisumbua. Sheria inataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Kamera ikikaa upande kidogo tu, mpira ulio ndani unaonekana nje, wa nje unaonekana ndani. VAR ni watu wanaotazama picha walizoletewa, kama sisi, ila wao hawali kachori. Kinachopima mstari wenyewe ni mtambo mwingine kabisa, na Pretoria haukuwepo. Lampard wa England aliponyimwa goli lake dhidi ya Ujerumani kule Bloemfontein mwaka 2010 (Afrika Kusini hiyohiyo, jamani), Kombe la Dunia lililofuata, 2014, mtambo ukawepo. Sisi, robo fainali ya bara zima, tunabaki kubishana na picha za pembeni.

Najua mmeuliza VAR, mimi najibu mstari. Nisameheni. Msimamo wangu kuhusu goli haujabadilika: liliingia. Ila mkinifungia mimi kwenye kile chumba, na picha zilezile, jezi yangu ya kijani nimeivua, sina hakika kama ningethubutu kumwambia mwamuzi akubali goli. Labda ningethubutu. Kwa picha ya pili, siyo ya tatu.

Jirani yangu mpaka leo anasema liliingia. Siku hizi, lakini, analikumbuka zaidi akitaka nimlipie kahawa.