Kabla hujaanza kumeza vitamini D, kapime kwanza

Hii nawaandikia wale ambao mwili umechoka tu na kila wakisema wanaambiwa ni kazi nyingi au ni umri. Mimi ilinianzia miguuni. Sio maumivu ya kusema hapa ndo panauma, ni uchungu flani wa ndani kwenye mifupa, nikibonyeza ugoko kwa kidole gumba nasikia maumivu kabisa, alafu kuinuka kwenye kiti cha chini lazima nishike kitu kwanza, na kwenye ngazi mapaja yanagoma. Ukiona hivyo viwili vinakuja pamoja, mifupa kuuma ukiibonyeza na mapaja kukosa nguvu, tafadhali usikae nyumbani unameza dawa za maumivu kila siku, nenda hospitali na uitaje vitamini D wewe mwenyewe maana dalili zake zinafanana na za vitu vingi.

Nilipopima, vitamini D yangu ilikuja 9. Kipimo ni cha damu tu, wanaangalia kitu kinaitwa 25-hidroksivitamini D, na kwa nanogramu kwa mililita chini ya 12 ni upungufu, kuanzia 20 kwenda juu watu wengi wako sawa. Ila kwenye karatasi ya majibu angalia sana kizio kilichotumika, maabara nyingine zinaandika nanomoli kwa lita na huko 20 inakuwa 50, kwahiyo mtu anaona 30 anafurahi kumbe ni ile ile 12.

Sasa hili la jua. Nilikuwa nakaa karibu na dirisha mchana kutwa, jua linanipiga mpaka nasogeza kiti, na daktari akaniambia hilo halihesabiki. Ngozi inatengeneza vitamini D kwa mionzi ya UVB, ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho, na kioo kinaizuia karibu yote, unabaki na joto na mwanga tu. Kwenye gari ukiwa umefunga vioo ni hivohivo. Jua la asubuhi sana na la jioni nalo UVB yake ni ndogo mno kwasababu linakuja limelala, kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe basi hapo unachopata ni kidogo. Mwenye ngozi nyeusi anahitaji muda mrefu zaidi juani kwasababu melanini, ile rangi ya ngozi, inachuja mionzi, na mzee ngozi yake haitengenezi kama ya kijana. Lakini kukaa mpaka uungue hakuna faida yoyote, ikifika kiasi flani ngozi haiongezi tena.

Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ikikosekana unaweza kula vizuri tu na kalsiamu nyingi ikapita bila kuingia, mwili ukaenda kuichukua kwenye mifupa yako mwenyewe, ndo watoto wanapata matege na watu wazima mifupa inakuwa laini na kuuma. Kwenye chakula ipo kwa samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai, ila sio nyingi ya kumtoa mtu kwenye 9.

Kuhusu vidonge, mtu mzima wa kawaida anahitaji IU 600 kwa siku (IU ni kizio cha vitamini kinachoandikwa kwenye chupa), aliyevuka miaka 70 IU 800, na bila daktari usipite 4,000. Mimi nilipewa dozi kubwa ya muda alafu nikashushwa, nakunywa pamoja na mlo wenye mafuta kidogo maana inayeyuka kwenye mafuta. Maumivu yalitangulia kupungua, nguvu za mapaja zilirudi taratibu sana, usikate tamaa. Ninachowasihi ni msichukue dozi ya mwenzenu. Hii haitoki kirahisi kwenye mkojo kama vitamini C, inajilimbikiza, kalsiamu inapanda kwenye damu unaanza kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa kojoa, na figo zinaweza kupata mawe.

Na wanaowauzia kwamba inazuia kansa na moyo, kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa VITAL, watu zaidi ya 25,000, nusu wakapewa IU 2,000 kila siku, majibu yalitoka 2018 na kansa na magonjwa ya moyo hayakupungua kwa waliomeza ukilinganisha na wenzao. Kama huna upungufu hiyo hela fanyia kitu kingine.

Mama anayenyonyesha, muulize daktari kuhusu matone ya mtoto, maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana na nchi nyingi zinashauri IU 400 kwa siku kwa kichanga. Na kama una shida ya figo, au unatumia dawa za kifafa au za steroidi muda mrefu, mwambie daktari kabla hajakuandikia dozi, zinabadilisha hesabu yote.