Kompyuta haifunguki, na Windows haikubali kusakinishwa upya

SWALI: Kompyuta yangu inawasha taa na feni inazunguka, lakini haifiki kwenye Windows. Nikijaribu kuisakinisha upya kwa flashi, kazi hukwama katikati. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza, tafadhali usifute chochote kwenye diski. Usakinishaji unaokwama katikati mara nyingi hutokana na diski au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyoharibika, au flashi iliyoandaliwa vibaya, na kuurudia ovyo kunaweza kukupotezea faili ambazo bado zingeokolewa. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, uone kama diski inatambuliwa. Ikiwa haionekani, zima kompyuta, chomoa umeme na uhakikishe kwamba diski imeunganishwa sawasawa. Ikionekana, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo endeshi mwingine ambao unaweza kuutumia bila kuusakinisha, kisha unakili faili zako kwenye diski ya nje; hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Baada ya hapo, jaribu kuwasha kompyuta kwa kipande kimoja kimoja cha RAM, kisha uandae upya flashi ya kusakinishia Windows, ya GB 8 au zaidi, kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, acha majaribio yote na uipeleke kwa fundi.