Divisheni ya 71 haikuishia Stalingrad

Ndugu, umeuliza kama Divisheni ya 71 ya askari wa miguu ya Ujerumani iliangamia yote Stalingrad, mji wa Usovieti ambako Wajerumani walizingirwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Ile ya kwanza, ndiyo. Alama yake ilikuwa jani la mmea wa klova lenye vipande vinne, ambalo Wazungu huliona ishara ya bahati, ikaitwa divisheni yenye bahati. Bahati gani hiyo! Januari 1943 kamanda wake, Jenerali von Hartmann, alisimama wima kwenye tuta la reli akiwafyatulia Wasovieti risasi mpaka akauawa. Siku chache baadaye mrithi wake, Roske, alitekwa pamoja na Paulus, kamanda wa jeshi zima la Wajerumani lililozingirwa pale, chini ya duka kubwa la Univermag. Mwaka huohuo jina lilifufuliwa kwa askari wapya, wakapigana Italia, Monte Cassino ikiwemo, kisha Hungaria.