Mwanangu, kuhusu hofu yako ya kumsingizia Mungu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma polepole, kwa maana umeniuliza jambo lisilofaa kujibiwa kwa pupa. Unasema kwamba tangu utotoni umenisikia nikitoa funzo la imani katika kila kitu, kuanzia ufunguo uliopotea hadi taarifa ya habari ya usiku, ilhali wewe ukijaribu huoni ila vita na mafuriko, na ukilazimisha funzo unahofia kwamba unamsingizia Mungu. Nikiri kwamba hofu hiyo imenifurahisha. Mimi ilinijia nikiwa nimeshachelewa.

Ulikuwa mdogo mno kukumbuka siku niliyosimama mbele ya akina mama wenzangu kanisani nikazungumzia ajali ya gari iliyotokea wiki ile. Nilitamka bila kusita kwamba lilikuwa onyo kwa wanaomsahau Mungu, na wengi wakanipongeza. Baadaye nikaambiwa kwamba katika safu ya nyuma alikuwepo mama aliyefiwa na ndugu yake katika ajali ile ile, naye alitoka kabla ya sala ya kufunga. Nilimwendea kumwomba radhi, akanisamehe kwa maneno machache. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa, nami tangu siku hiyo hushtuka kila ninapomsikia mtu akieleza sababu ya Mungu kuruhusu msiba wa mwenzake.

Laiti ningaliisoma vema sura ya 13 ya Injili ya Luka kabla ya kusimama pale. Humo watu wanamletea Bwana Yesu habari iliyokuwa midomoni mwa wote, ya Wagalilaya waliouawa na Pilato hata damu yao ikachanganyika na dhabihu zao. Yeye mwenyewe anaongeza nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, anajibu kwamba sivyo, kisha anawageukia waliosimama mbele yake na kuwataka watubu wao. Kwa hiyo tukio lina funzo, wala hakulikana. Ila funzo lenyewe anakabidhiwa aliyeisikia habari akiwa hai, na marehemu wanaachwa wapumzike. Sisi hupenda kinyume chake: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kanisa limelisahau neno hilo mara nyingi. Tetemeko lilipoubomoa mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote na watu wengi walikuwa ibadani. Wako walioangukiwa na kuta za makanisa wakisali, na bado wahubiri walipatikana wa kusema kwamba mji ule uliadhibiwa kwa dhambi zake.

Lakini usidhani kwamba hatari iko katika habari za misiba peke yake. Habari njema nazo hutudanganya, pengine zaidi. Mwaka 2010 mgodi uliporomoka kule Chile, wachimbaji 33 wakanaswa chini kwa siku 69, na mwezi Oktoba wakatolewa mmoja mmoja, wote wakiwa hai. Nililia nikitazama. Walikuwa wakisali pamoja kule chini, na dunia nzima iliwaombea, kwa hiyo funzo lilionekana wazi: walisali, wakaokolewa. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, mgodi wa Pike River huko New Zealand ulilipuka, na wanaume 29 wakafa. Kule nako watu walisali. Ukiwa na funzo lisiloweza kusemwa mbele ya wajane wa Pike River, mwanangu, funzo hilo bado halijaiva, hata kama linatoa machozi ya furaha.

Nilichobaki nacho kutoka Chile ni kidogo zaidi, na nina hakika nacho. Katika siku 17 za mwanzo, kabla mtu yeyote juu hajajua kwamba wako hai, wale watu waligawana samaki wa mkebe kwa kijiko, kiasi kilekile kwa kila mmoja, mara moja kwa saa 48. Tangu nilipojua hayo, nikisali Baba Yetu na kufika kwenye mkate wa kila siku, huishia kulitafakari lile neno “utupe”, ambalo halisemi “unipe”. Hilo halimhukumu mtu, nami naweza kulitenda hata kesho.

Unaniuliza pia utajuaje kwamba funzo la mambo ya nyumbani ni la kweli. Hapa niseme kwamba mengi niliyowaambia mkiwa watoto yalikuwa mafumbo tu. Kusema kwamba moyo usiosali ni kama simu isiyo na chaji hakukosei, lakini hakumbadilishi mtu, maana msemaji alijua tayari anachotaka kusema, akatafuta chombo cha kukipambia. Funzo hunikuta sijajiandaa, na aghalabu huniuma. Unakumbuka bibi yako alivyopoteza kumbukumbu katika mwaka wake wa mwisho. Usiku mmoja aliniuliza leo ni siku gani, nikamjibu. Akauliza tena, nikamjibu. Mara ya tano nilimjibu kwa ukali, naye akaniomba msamaha kama mtoto. Nilirudi kitandani nikapiga magoti kumwomba Mungu jambo lile lile nililokuwa nimemwomba kwa zaidi ya miaka 20, na katikati ya sentensi nikanyamaza. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Asubuhi bibi yako aliniuliza tena leo ni siku gani, nami nikamjibu kwa upole.

Kuhusu vita na mafuriko, soma mwisho wa sura ya 11 ya Matendo ya Mitume. Nabii Agabo alitangaza Antiokia kwamba njaa kuu inakuja, nayo ilikuja wakati wa Kaisari Klaudio. Wanafunzi hawaonekani wakijadili njaa hiyo ni adhabu ya nani, wala kuhesabu kama ni dalili ya mwisho wa dunia. Kila mmoja kwa kadiri ya alichojaliwa aliazimia kutuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi, wakaupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Napenda kwamba Luka ametaja hata waliobeba. Siku hizi, nikizima redio, hujiuliza ni nani atakayebeba na mimi natoa nini, na zipo siku ambazo jibu huwa ni sala peke yake, kwa kuwa sina njia nyingine ya kuwafikia wale watu.

Mwisho, umetaja rafiki yako aliyeachishwa kazi, ukauliza kama umwambie kwamba Mungu ana mpango naye. Naamini kwamba anao, lakini usimwambie kwa sasa. Mpigie simu leo hii, kabla hujanijibu mimi, umuulize kodi ya nyumba ameilipaje.

Akupendaye,
Mama yako