Kuvua Perege wa Asili Peke Yako Kwenye Vijito vya Bonde la Lukuledi

Ukimwambia mtu unakwenda kusini kuvua, anafikiria bahari moja kwa moja: pweza, changu, kamba, ngalawa. Sina ugomvi na bahari. Lakini ukiniuliza mimi nielekee wapi nikipata siku mbili tatu za mapumziko, nitakuambia bara, kwenye vijito vinavyoteremka kutoka kwenye Uwanda wa Makonde na kwenda kumwaga maji yake mto Lukuledi, mikoani Lindi na Mtwara. Nakwenda kwa pikipiki, na nakwenda peke yangu. Wapo vijana wengi wanaoniuliza nafanyaje, na haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza kwa nini peke yako. Kijito cha huku wakati wa kiangazi ni chembamba, sehemu nyingi unaruka ng'ambo bila kulowa. Samaki wako kwenye vishimo, na maji ni maangavu. Perege akiona kivuli chako au akisikia kishindo cha mguu ukingoni, anaingia chini ya mizizi na hatoki mpaka umekata tamaa. Mkiwa wawili mtaongea, mtacheka, mmoja atasimama kuwasha sigara, na shimo limekwisha hilo. Ukiwa mwenyewe unajifunza kutembea polepole, kuchuchumaa, kungoja. Mimi nadhani huwezi kuujua mto vizuri kama hujawahi kukaa nao kimya asubuhi nzima.

Jambo la pili linalonivuta ni kwamba samaki hawa ni wa hapa. Wako wanaosafiri mbali kwenda kuvua trauti kwenye maji baridi ya milimani, Kilimanjaro au Nyanda za Juu Kusini, na nasikia ni samaki mtamu. Lakini trauti huko aliletwa na wakoloni. Wako wa aina mbili: asili ya mmoja ni Ulaya, na ya mwingine ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Perege wetu hakuletwa na mtu. Bonde la Ruvuma lina wake, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis placidus rovumae. Viziwa vya karibu na Lindi, kama Rutamba, vina perege wa Korogwe, yule yule anayepatikana upande wa Pangani, takriban kilomita 500 kaskazini, na katikati hapo hayupo. Kitu cha namna hiyo ukikishika mkononi unatakiwa ukijue thamani yake.

Sasa, wakati wa kwenda. Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Mvua zikikolea, mito ni tope tupu na barabara za vijijini hazina mchezo. Mimi naondoka kuanzia Juni mpaka Septemba. Maji yametulia, nyasi zimelala, usiku kuna kibaridi kidogo kinachofaa kulala. Oktoba na kuendelea sishauri, ingawa ndipo samaki wanapopatikana kirahisi kuliko wakati wowote. Vijito vingi vimekatika, samaki wamebanana kwenye madimbwi, na hao waliobanana ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata. Ukiwamaliza pale, mvua zikija mto utajaa maji matupu.

Uchague kijito gani? Hapa inabidi uielewe ardhi. Juu ya Uwanda wa Makonde, upande wa Newala kwa mfano, udongo ni wa kichanga, mvua inazama yote, na ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa huko walikuwa wanateremka makorongo marefu kufuata maji. Maji yale yaliyozama hayapotei. Yanatokea chini, pembezoni mwa uwanda, kama chemchemi. Basi wewe tafuta vijito vya miguuni mwa uwanda, maeneo ya Ndanda na jirani zake, maana vingine hutiririka hata mwezi Septemba wakati mito mikubwa zaidi imebaki mchanga. Barabara ya lami kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, ukipita Mtama, Nyangao na Ndanda, inafuata bonde hilo la Lukuledi karibu njia nzima. Mtwara mpaka Masasi ni takriban kilomita 200, kwa hiyo hata mtu wa mjini anaweza kutoka alfajiri na mchana akawa ameshatua.

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda inatosha kabisa. Kagua cheni, breki na taa, beba tyubu ya akiba, viraka, pampu ya mkono na spana za kufungulia gurudumu, na hakikisha umeshawahi kubadili tyubu kwa mikono yako mwenyewe nyumbani kabla hujalazimika kuibadili porini. Jaza tangi kwenye lami. Vijijini utapata petroli ya chupa, bei yake iko juu na usafi wake hauna uhakika. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, tumia gia ndogo, usiushike usukani kama unapigana nao. Usiku usiendeshe.

Kabla ya ndoano kugusa maji kuna kazi moja ambayo naipa uzito kuliko zote: kujitambulisha. Nenda kwanza kitengo cha uvuvi cha halmashauri husika uulize kibali kinachohitajika kwa uvuvi wako. Beba kitambulisho cha taifa, na barua ya serikali ya mtaa unakotoka inasaidia sana. Ukifika kijijini, usipitilize mtoni. Tafuta ofisi ya mtendaji au nyumba ya mwenyekiti, eleza umetoka wapi, unataka nini, utakaa mpaka lini, utalala wapi. Mtu mmoja mgeni, na begi, na pikipiki ya namba isiyojulikana, anayezunguka mabondeni, lazima atiliwe shaka, na wana haki. Msimu wa korosho ndiyo zaidi. Kuanzia Septemba au Oktoba korosho zimeanguka chini ya mikorosho, na kila korosho pale ni pesa ya ada na ya bati la nyumba ya mtu. Usikatize shamba la mtu na begi mgongoni hata kama njia ya mtoni inaonekana fupi. Zunguka.

Tena kuna jando. Kiangazi ndicho msimu wa watoto kuingia kumbini, na mara nyingi kumbi ziko porini, karibu na maji. Mwenyeji atakuambia njia ipi usipite. Akikuambia hivyo, usiulize kwa nini, shukuru, chukua njia nyingine. Ukikutana na dalili mwenyewe, sauti za nyimbo au kibanda kipya kichakani, geuka ulikotoka.

Na wenyeji ndio watakaokupa habari za mto. Nakumbuka karibu na Nyangao nilimkuta mzee anachunga mbuzi, nikasimamisha pikipiki, nikazima, nikashuka. Nilikuwa nimelipenda shimo moja refu chini ya mkuyu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Sijapotea mzee, natafuta perege. Pale chini ya mkuyu panafaa?"

Akaangalia ufito wangu, akaangalia mkuyu. "Perege wapo. Lakini hapo usikae. Tangu mvua za juzi kuna mamba mdogo anaota jua ng'ambo. Panda juu, utakuta mawe, maji yanapita juu ya mchanga. Vua pale."

Habari hiyo hupati kwenye simu. Siku hizi sikai ukingoni mwa shimo lolote la kina kabla sijamuuliza mtu wa pale, na pasipo mtu wa kumuuliza sivui. Lukuledi ya chini na mto Ruvuma vina mamba, na Ruvuma una viboko pia. Kuhusu Ruvuma wenyewe nasema wazi: usiende kuvua peke yako. Ni mpaka wa nchi, na tangu vurugu za Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji, zilipoanza mwaka 2017 usalama wa upande huo ni jambo zito. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Mtu anayezurura ukingoni bila taarifa anajiweka hatarini na anawapa askari kazi isiyo ya lazima. Ukitaka kuuona mto, nenda Mtambaswala ukautazame kutoka Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010.

Turudi kijitoni. Vifaa vyangu ni vichache: ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita tatu hivi, mshipi mwembamba, ndoano ndogo namba 10 au 12, chubwi kidogo sana, yaani kizito cha kuzamisha chambo, na kiboya nilichokata kwenye bua kavu la mtama. Kiboya cha bua ni chepesi, kinaonyesha hata perege anapoonja tu. Chambo ni nyungunyungu, wanaopatikana chini ya migomba pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, au ugali uliokandwa mpaka ukawa mgumu. Ndoano kubwa unayoiona dukani usiinunue, mdomo wa perege ni mdogo.

Fika shimoni kwa kutokea chini, ukiufuata mto kuelekea juu, maana samaki huelekeza kichwa mkondo unakotoka. Jua likiwa mgongoni kwako kivuli kinatangulia, kwa hiyo panga upande wako. Kaa mbali kidogo na ukingo, dondosha chambo pale mkondo unapoingia shimoni, uache maji yenyewe yakipeleke. Kiboya kitatetemeka, kitatulia, kitatetemeka tena. Usivute. Kikianza kutembea kwa upande na kuzama taratibu, inua ufito kwa kifundo cha mkono tu. Perege wa vijito si mkubwa, wengi wanaenea kiganjani, lakini akizunguka kwenye maji membamba mwanzi unapinda na mkono unatetemeka.

Kabla ya yote hayo chukua koleo, bana kile kimeno cha ndoano kilale. Samaki atatoka bila kuchanika. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ute wa mwilini ndio kinga yake. Kisha mtazame kidevu. Perege wa jamii hii jike huatamia mayai mdomoni, na hata vifaranga wakishaanguliwa huwaficha humo humo. Ukiona koo limevimba na kushuka, au akitema punje za manjano mkononi mwako, mrudishe majini palepale, usimpige hata picha. Dume naye huchimba kiota cha mviringo kama sahani kwenye mchanga wa kina kifupi. Ukiviona viota hivyo usivikanyage na usidondoshe ndoano juu yake. Mimi hubakiza wa kutosha mlo wa jioni na wa mwenyeji wangu, wengine wanarudi.

Kuna jambo linaniuma, na naomba ulisome mara mbili. Usihamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji mengine, hata kama nia yako ni njema, hata kama ni ndoo moja tu ya kupandikiza bwawa la shule. Sato, perege wa Nile, ameenezwa nchini kwa ajili ya mabwawa, na anakua haraka, nakubali. Akitoroka anazaana na perege wa asili, na baada ya muda huna tena yule wa mwanzo. Rutamba tayari watafiti wamekuta machotara wa namna hiyo. Namna rahisi ya kumtambua sato ni pezi la mkia: lina mistari ya wima iliyopangika. Ukimpata huyo kwenye kijito, usimrudishe. Kaanga.

Kambale ni habari nyingine. Anatoka usiku, anakula karibu kila kitu, utumbo wa kuku unamtosha. Kwa kuwa anaweza kupumua hewa, utamkuta hata kwenye dimbwi la tope. Mshike nyuma ya mapezi ya kifuani, kuna miiba pale inayochoma vibaya. Lakini kuvua usiku ukiwa peke yako mtoni, mimi sifanyi. Nalala kijijini, kwa mwenyeji au gesti.

Afya kidogo. Kichocho kipo mikoa hii, basi usisimame kwenye maji yaliyotuama yenye konokono. Vua ukiwa nchi kavu. Vaa buti kwa ajili ya nyoka. Chandarua kibebe chako. Mabondeni mtandao hukatika, kwa hiyo mwambie mtu wa nyumbani jina la kijiji, jina la mtendaji na saa utakayopiga, kisha panda mwinuko saa hiyo ikifika upige kweli.

Chakula usibebe kingi. Beba chumvi, ndimu na pilipili. Perege umtoe matumbo na magamba papo hapo mtoni, umpake chumvi, umbanike kwa moto wa makaa taratibu. Kiangazi ndipo ming'oko, vile viazi vya porini, inapochimbwa, na ukipewa sahani ya ming'oko ya kuchemsha pamoja na samaki huyo, kula.

Kwa anayeanza, fanya hivi: ondoka Mtwara au Lindi Ijumaa alfajiri, lala Ndanda, ambako kuna hospitali ya misheni ukipata tatizo. Jumamosi asubuhi kaonane na mtendaji wa kijiji utakachochagua, omba akupe kijana mmoja wa kukuonyesha njia za mtoni, umlipe. Tembea naye siku hiyo bila kuvua sana, ujue mashimo yako wapi na watu wanateka maji wapi, maana hapo hutakiwi kutia ndoano. Jumapili nenda mwenyewe, kabla jua halijapanda.